Safu ya Sababu

Hapa Nachilonga ukimwaga maji hayakai,
mchanga unayanywa kabla hujasema pole.
Mababu walipanda huku juu wakikimbia watu,
wakajificha vichakani, wakapona.
Maji hayakuwa na adui, yakabaki bondeni.
Tangu hapo kila ndoo ni safari,
na kijana akija kuposa huulizwa kwanza,
si ukoo, si swala:
kwenu kuna kisima?

Mimi ndiye mwandishi wa daftari la zahanati.
Wauguzi wawili, kitanda kimoja cha kujifungulia.
Mjamzito huambiwa aje na kanga, beseni,
na madumu mawili ya maji.
Fatu Chinduli alikuja na moja.
Mtoto akaogeshwa; mama akasubiri na damu yake
hadi saa nne, shemeji alipoumaliza mlima.
Yule mtoto tunamwita Dumu. Lilikuwa la utani, likaganda.

Mwezi wa sita kunakucha njano.
Mashine zinaguruma mikoroshoni tangu alfajiri,
salfa inapanda, inashuka, inakaa
kwenye kanga zilizoanikwa, kwenye kope,
kwenye bati.
Nisiseme uongo: salfa imenisomesha.
Bila hiyo maua huungua kwa ubwiriunga
na mnada wa Oktoba unakuwa habari ya wilaya nyingine.
Bati langu lenyewe, geji ishirini na nane,
ni korosho za mwaka ule bei ilipopanda.
Basi naandika: Kikohozi, 41. Macho, 26.
Nafunga daftari, nami nakohoa.

Mvua ya kwanza huosha mapaa,
mifereji ikatema visimani maji ya rangi ya yai.
Naandika: Tumbo, 33.

Fomu ya robo mwaka ina safu ya mwisho, Sababu,
kisanduku kisichozidi punje ya korosho.
Safari hii niliandika neno moja: Kilima.
Ikarudi na wino mwekundu:
"Taja ugonjwa, siyo jiografia."

Nikaenda nayo wilayani.
Afya wakanituma Maji.
Maji wakasema bomba la bondeni linasubiri pampu,
pampu inasubiri umeme, umeme unasubiri kifungu.
Kilimo walinikaribisha chai. Walikuwa na furaha,
magunia ya ruzuku yameongezeka,
ukutani chati yao inapanda kulia.
Ya Afya, chumba cha pili, nayo inapanda kulia.
Kati ya chati hizo kuna tofali moja
na msumari mmoja, nadhani, uliotokeza pande zote.

Nilirudi na bango la rangi nne:
ACHA MVUA YA KWANZA IPITE.
Mama wa pichani ameondoa mfereji, anatabasamu.
Tulilibandika mlangoni kwa uji wa muhogo,
mimi na jirani yangu Somoe Nantamba.

Usiku wa tarehe kumi na tisa wingu likapasuka.
Nikamsikia Somoe akiburuta mfereji,
si kuuondoa: anausogeza usawa wa kisima.
Kisimani kwake palikuwa na tope na chura mmoja.
Wajukuu watano. Dumu la bondeni, shilingi mia saba.
Akapaza sauti juu ya kishindo cha bati:
"Mwandishi! Wewe yako umeiacha ipite?"

Nilikuwa uani, gizani,
mikono yote miwili kwenye mfereji wangu.
Maji yalinuka kiberiti kilichowashwa kikazimwa.
Sikumjibu.

Asubuhi nikachukua fomu mpya.
Kwenye safu ya sababu nikaandika tena, Kilima,
na pembeni, kwa kuwa nafasi ilikwisha,
mshale mdogo:
geuza karatasi.